Nyumba za Udongo Nilizozifuta kwenye Ramani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma. Nafasi yangu ilihitaji mafunzo ya miezi mitatu Dodoma, mtoto wangu wa pili ananyonya, na waliopanga mafunzo wakaniambia bila kupepesa macho kwamba mazingira hayaruhusu watoto. Nikawajibu kwamba na maziwa yangu hayaruhusu kusubiri miezi mitatu. Basi nimeacha. Hasira ninayo na sina mpango wa kuimeza, lakini haya ninayoandika ni ya kwenu nyie mnaobaki kwenye chumba cha Utemini, hapa Singida mjini, mnaochora ramani kwa kujitolea na mtandao unaokwenda kama kobe.

Sitaandika nilipewa lini usimamizi wala nililipwaje. Hayo hayatawasaidia. Nitaandika kazi ilivyoanza, na nilivyoiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mnaweza kuiharibu vilevile huku mnajisifu kama mimi nilivyojisifu.

Siku ya kwanza nilikuta laptopu nane na vijana tisa kwenye chumba kile nyuma ya saluni. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na Nuru, mwanangu wa kwanza, mgongoni. Intaneti yenyewe ilikuwa simu ya mmoja wetu, imewekwa dirishani juu ya kopo la rangi, maana hapo tu ndipo ilipokuwa inashika. Kazi ilikuwa hii: unafungua picha iliyopigwa na setilaiti, unaona vijiji kutoka juu, unachora barabara, mito na nyumba kwenye ramani huria, ile ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kuomba. Kazi nyepesi kabisa, kama picha ingefunguka. Haikufunguka. Tulikaa tunatazama miraba ya kijivu. Baada ya muda mrefu lilinitokea paa moja, tena nusu. Bando likaisha.

Fundi Mkumbo alitukuta hivyo. Alikuwa fundi simu pale sokoni, alikuja kutengeneza laptopu iliyovunjika bawaba.

"Mnasubiri nini?" akauliza.

"Picha, fundi."

"Ya wapi?"

"Ya Iramba."

"Tangu asubuhi? Mngetoka kwa miguu mngeshafika Iramba yenyewe."

Alitengeneza bawaba akaondoka. Wiki mbili baadaye akarudi na kikompyuta kidogo kama nusu mche wa sabuni, diski moja, na rauta kuukuu. Nilidhani ameleta vyuma vya kuuza. Akaniita pembeni kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyekuwa naandika wakati wengine wanalalamika.

"Sikiliza, Mama Nuru. Picha ni nzito, mistari ni myepesi. Nyie mnavuta mzigo mzito kutoka mbali, kila mtu wa kwake, kila siku upya. Picha tuiweke humu ndani. Nje tupeleke mistari tu."

Huo ndio mfumo wote, na kama kuna mtu atawaambia ni mgumu zaidi ya hapo, anataka mumwogope. Wenzetu wa Dodoma walikuwa na picha za mkoa wetu, na ruhusa ya kutugawia. Zikaja kwenye diski kwa basi. Fundi akazikata kwa programu kuwa vipande vidogo vya mraba, sisi tukaviita vigae. Kikompyuta kinakaa na vigae hivyo, rauta inarusha mawimbi chumbani bila intaneti yoyote, na kwenye programu ya kuchorea kila mtu anaandika anwani ya kikompyuta kama ndiyo chanzo cha picha. Picha inafunguka papo hapo. Jioni mtu mmoja anawasha data ya simu, anapeleka michoro ya siku nzima kwenye ramani ya dunia kwa bando la kutosha kutuma salamu.

Siku ile ya kwanza Yusta, binti aliyekuwa amekaa karibu yangu, alivuta picha karibu, ikaja. Akaivuta tena, ikaja. Akaondoa mkono kwenye kipanya kama ameshika jiko.

Mambo ya vyombo niliyojifunza kwa Fundi, yachukueni. Kikompyuta hakizimwi kwa kuchomoa waya, mkichomoa mtaua kadi yake, na nimeshaua mbili. Rauta iwe juu, si sakafuni, miguu na ndoo vinazuia mawimbi. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki inawabeba saa tatu ikiwa mtu hajachaji simu yake hapo kwa kujificha. Na kuna daftari kubwa, lile lenye jalada la bluu. Fundi alikuwa mkali nalo kuliko kitu chochote. "Ukigusa mashine, andika. Hata ukiifuta vumbi, andika." Mimi niliona ni mbwembwe za mafundi.

Tukaenda hivyo miaka. Tulichora Manyoni, tukachora Itigi kufuata reli, tukachora Mkalama. Nikawa najua mashine ile kama ninavyojua sufuria zangu. Watu walikuja kutoka mikoa mingine kuona jinsi tunavyofanya bila intaneti, nikawa nawaeleza nimeshika kiuno. Nilikuwa mzuri kwenye kazi ile. Silisemi hilo kwa kutafuta sifa, ninalisema mwone kwamba mtu mzuri ndiye anayeharibu, kwa sababu hakuna anayemkagua.

Diski ikajaa. Picha mpya zilikuwa zimekuja na hazikuenea. Sasa elewa hili: vigae vimepangwa kwa hatua. Hatua ya juu unaona mkoa mzima, ukivuta karibu hatua moja, kila kigae kinagawanyika kuwa vinne. Kwa hiyo hatua mbili za mwisho, zile za karibu kabisa, ndizo zinazokula karibu diski yote. Fundi alikuwa kwao Kiomboi kwenye msiba. Mimi nikafungua, nikatazama mji wa Singida kwa hatua ya tatu kutoka mwisho, nikaona mapaa yote yapo. Nikafuta mbili za mwisho. Nafasi ikapatikana nyingi hadi nikacheka. Nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri kabisa: nimetoa hatua mbili za mwisho, diski ilijaa, nyumba zinaonekana.

Fundi aliporudi akasoma.

"Umeangalia kilichopotea?"

"Nimeangalia, fundi. Nyumba zote zinaonekana."

"Zote?"

"Mabati yote yanaonekana."

Akanitazama kidogo, akaenda kunawa mikono. Mpaka leo namdai maneno aliyoyabakiza siku ile, na yeye anasema hakuwa na maneno, alikuwa na njaa.

Baada ya hapo, ukivuta picha, bati lilikuwa doa jeupe linalong'aa. Nikawafundisha wageni kwa mkato: kinachong'aa ni nyumba. Kuna siku Yusta aliniita.

"Dada, hapa kuna mraba wa rangi ya udongo. Ni nyumba?"

"Unang'aa?"

"Haung'ai."

"Basi ni uwanja wa kupuria uwele. Ruka."

Akaruka. Wote wakaruka, mwaka mzima na zaidi, kijiji baada ya kijiji, kwa sababu wengi wamekulia mjini kwenye mabati na msimamizi amesema. Msimamizi mwenyewe alizaliwa Sepuka, kwenye tembe. Kwa mgeni asiyeijua, tembe ni nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, nalo la udongo, rangi moja na ardhi iliyoizunguka. Nimelala chini ya paa hilo miaka kumi na minne. Nimepanda juu yake kuanika mtama. Na nikawaambia watoto wa watu waliruke.

Niliyajua haya kwa sababu ya Mama mdogo Tatu, mdogo wake mama yangu, aliyeolewa kitongoji cha Kimpunda, ng'ambo ya Mungaa. Alikuja Utemini kumwona mtoto wangu wa pili, na kuku mkononi. Jumatatu nikampeleka ofisini. Nilitaka aone mwanawe anafanya kazi gani, si ndiyo.

"Shikamoo, mama," Fundi akamsalimia, ingawa kiumri hawakupishana sana.

"Marahaba, baba. Haya, nionyesheni kwangu."

Nikamvutia Mungaa. Barabara ipo, shule ipo, korongo lipo. Nikasogeza ng'ambo ya korongo. Mashamba tu. Nikasogeza tena. Mashamba.

Mama mdogo akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Kumbe tulihama, na hakuna aliyeniambia."

Yusta akacheka. Mimi nikacheka kidogo.

"Na wale wa mkoba wanatumia hii hii?" akauliza.

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Mkoba ni kliniki inayowafuata watu vijijini, manesi na gari, wanapima watoto na kuchanja. Upande ule wa Mungaa vilikuwa vinachaguliwa vituo vitatu, orodha inafungwa Ijumaa, na ndiyo, walikuwa wanatumia hii hii. Nilikuwa nimejivunia jambo hilo kwenye mkutano.

"Mke wa mwanangu ana mtoto wa miezi miwili," Mama mdogo akasema. "Kadi yake nyeupe, haina sindano hata moja. Korongo likijaa hatuvuki. Walituambia safari hii gari litakuja kwetu. Sasa litakuja vipi kwa watu wasiokuwepo?"

Jumanne nikafunga mtoto mgongoni nikaenda kwa afisa wa afya aliyekuwa anapanga vituo. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeonewa, na hasira hiyo ni tamu, inakufanya utembee haraka. Nikamsalimia shikamoo kwa sauti ya kugombana.

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Kimpunda haimo kwenye orodha yenu. Kuna kaya pale, kuna watoto, kuna watu wangu."

"Mimi napeleka gari penye watu," akasema. Hakukasirika. Akafungua karatasi kubwa, akaweka kidole ng'ambo ya korongo. "Hapa pana nyumba ngapi?"

Nikafuata kidole chake. Hapakuwa na nyumba hata moja.

"Na hapa chini pameandikwa nani amechora?"

Lilikuwa jina la kikundi chetu. Mtoto akaanza kulia, nikamshukuru kimoyomoyo, maana nilipata sababu ya kutoka nje.

Nilirudi nikamwambia Fundi kwamba picha za Dodoma ni mbovu, wametuletea picha ya zamani, wametudharau kama kawaida yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta daftari la bluu, akafunua kurasa bila haraka, akaligeuza upande wangu. Mwandiko mzuri kabisa.

"Picha haina ubovu," akasema. "Umeikata mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sijakulia kwenye tembe mimi. Wewe ndiye uliyesema nyumba zote zinaonekana. Nikaamini unazijua nyumba za kwenu."

Hapo hasira ilibadilika ladha. Sitawaelezea zaidi, ila nilienda kukaa kwenye ngazi ya saluni, nikamnyonyesha mtoto, na mwenye saluni akanitolea stuli bila kuuliza kitu.

Diski yenye picha kamili ilikuwa imesharudi Dodoma. Jumatano alfajiri Fundi akapanda basi. Sikulala kwa raha, lakini sikukaa bure pia: nilifuta kwenye mashine kila kitu kisichohusu upande wa Mungaa ili nafasi ipatikane, nikaandika daftarini nilichofuta, na kile ambacho hakitaonekana tena. Hicho cha pili ndicho sikuwahi kukiandika mwanzo. Alhamisi mchana Fundi akafika, suruali imejaa vumbi, diski ameifunga kwenye kanga ya mke wake. Tukakata eneo lile tu, hatua zote mpaka ya mwisho. Kwa eneo dogo namna ile, mashine ilimaliza kabla chai haijapoa.

Nikafungua ng'ambo ya korongo. Miraba ya udongo ilikuwepo, ila hata kwa ukaribu ule ilikuwa udongo juu ya udongo. Yusta akasema kwa adabu, "Dada, bado sioni nyumba."

Mama mdogo Tatu alikuwa amekaa nyuma yetu. Kwanza hakuelewa kitu, hajawahi kuiona Kimpunda kutoka angani. Halafu akanyoosha kidole. "Mbona minyaa ninaiona."

Minyaa ni ule mmea wa utomvu mweupe tunaoupanda kuzungusha boma. Kiangazi kila kitu kinakauka, minyaa haikauki. Picha ilikuwa ya kiangazi. Kwenye kahawia yote ile kulikuwa na pete za kijani kilichoiva, nyembamba kama uzi, na ndani ya kila pete doa jeusi la samadi, zizi, na pembeni yake mraba wa udongo wenye ukingo ulionyooka. Uwanja wa kupuria hauna ukingo ulionyooka. Uwanja wa kupuria haukai na zizi. Nilijua hayo tangu nikiwa na miaka mitano.

"Hii pete yenye mlango wa upande huu ni kwangu," Mama mdogo akasema. "Mume wangu aliweka mlango vibaya, nimemwambia miaka ishirini. Angalieni, hata angani unaonekana."

Basi akawa anataja, sisi tunachora. Kwa Njoghomi. Kwa yule mjane mwenye mbuzi wakorofi. Boma la mwalimu mstaafu. Vijana sita wamekaa, kila mmoja na kipande chake, picha zinafunguka kwa wote kwa pamoja kutoka kwenye kile kinusu cha sabuni, hakuna mraba wa kijivu hata mmoja. Hapo nikarudiwa na nguvu zangu. Mashine ilikuwa haijawahi kuwa na kosa.

Tulipokaribia kumaliza, Mama mdogo akaangalia upande wa pili wa barabara, penye madoa makubwa yanayong'aa, na alama ya kituo cha tatu cha mkoba.

"Na hapa mmeweka nini?"

"Kituo. Pana nyumba kubwa tatu na vibanda."

"Hayo ni maghala ya alizeti, mwanangu. Hapalali mtu. Labda panya, na hao hawachanjwi."

Tulipeleka michoro kwa data ya simu yangu. Kimpunda yote ilikwenda kwa dakika chache.

Ijumaa nilikuwa mlangoni kwa afisa kabla hajafika. Mama mdogo alikuja na mimi, akakaa kwenye benchi amenyooka kama shahidi. Afisa akafungua ramani, akaangalia ng'ambo ya korongo, akaangalia tena.

"Hizi nyumba zimeota juzi?"

"Zilikuwepo. Nilizifuta mimi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilipanga kusema kulikuwa na hitilafu ya kimfumo, maneno hayo yapo na yanasaidia watu wengi. Lakini Mama mdogo alikuwa ananitazama. Nikamweleza afisa hatua, diski, bati na udongo. Nikamwonyesha maghala.

Akavuta orodha yake. "Nikiibadilisha orodha leo, nitaulizwa kwa nini ramani ya mwezi uliopita ilisema vingine."

"Nipe karatasi."

Nikaandika ukurasa mmoja: ramani ya kwanza ilikuwa na kosa, kosa ni la msimamizi, jina langu kamili, saini. Akausoma, akaugonga mhuri, akachukua kalamu nyekundu, akahamisha kituo kutoka kwenye alizeti hadi ng'ambo ya korongo.

"Mama," akamwambia Mama mdogo, "gari litashuka wapi?"

"Kwangu. Mlango uko upande mbaya, lakini gari linaingia."

Siku ya kwanza ya mkoba nilienda. Nesi alitundika mizani kwenye boriti ya tembe iliyotokeza nje, watoto wakapimwa mmoja mmoja wakiwa wanarusha miguu. Yule mjukuu wa Mama mdogo alipata sindano yake, akalia kwa sauti iliyowafurahisha wanawake wote, na kadi ikapata tarehe. Nilisimama pale na wangu mgongoni, na nitasema ukweli, nilijiona mkubwa.

Walipoanza kufunga vifaa, akatokea mwanamke kijana kutoka upande wa chini, miguu imejaa tope mpaka magotini, mtoto kifuani. Manesi wakafungua sanduku tena. Akiwa anasubiri akaniuliza kama mimi ndiye wa ramani.

"Ndiye mimi."

"Na sisi wa bondeni gari letu lini? Kwetu pia nyumba ni hizi hizi."

Kwao ni nje ya eneo tulilokata upya. Kwa hiyo mpaka siku ile kwao palikuwa mashamba, kwa kalamu yangu. Nikamuuliza jina la kitongoji, akalitaja, nikaliandika kiganjani, na nilipofika Utemini nikalihamishia kwenye daftari la bluu, ukurasa mpya, mstari wa kwanza. Chini yake nimeorodhesha kila kijiji tulichochora tangu siku nilipofuta zile hatua mbili. Orodha ni ndefu, na sikuifupisha ionekane vizuri.

Kukata wilaya moja mpaka hatua ya mwisho kunachukua siku nne ikiwa umeme haujakatika. Fundi anajua namna ya kugawa kwa maeneo ili diski itoshe. Yusta anajua kutafuta minyaa, na safari hii akiwaambia kitu ni nyumba, choreni. Diski ya Dodoma iko kabatini, rafu ya chini, ndani ya kanga. Walishaidai mara mbili. Wakipiga tena simu, waambieni Mama Nuru kaondoka nayo, halafu endeleeni kukata.